Jailos Anamtafuta Yudith

Maneno yalianzia kwenye mashine ya kusaga, pale Ilomba. Yudith alikuwa kwenye foleni na ndoo yake ya mahindi. Akasikia mwanamke nyuma yake akimwambia mwenzake:

"Fundi Jailos siku hizi hana haya. Anamfuata mkwe wake mpaka jikoni."

"Mkwe gani, yule wa kutoka Iringa?"

"Huyo huyo. Mtoto yuko machimboni Makongolosi anahangaika, huku baba anaonjeshwa mboga."

Wakacheka. Mashine ilikuwa inanguruma, lakini Yudith aliyasikia yote. Akarudi nyumbani, maneno yako naye. Akapika, yako naye. Jumapili kanisani kwaya inaimba, yeye anasikia kile kicheko tu.

Jailos alikuwa mume wake. Alikuwa fundi seremala, mtu wa miaka hamsini na tatu. Mkwe aliyesemwa ni Veneranda, mke wa mtoto wao Lugano. Lugano alifanya kazi Makongolosi, na Veneranda aliishi na wakwe zake.

Sasa, Wanyakyusa wa ukoo wa Jailos hawana mchezo na mambo ya ukwe. Mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani usoni. Baba akija huku, mkwe anapita kule. Wakikutana ghafla, mkwe anajifunika kitenge na kugeuka. Ndiyo heshima yenyewe. Familia nyingi za mjini zimeacha, lakini kwa akina Jailos mwiko ulikuwa bado. Veneranda alikuwa Mhehe, Mkatoliki wa Kalenga. Alipoolewa alifundishwa mwiko huo, akaushika kuliko wenyeji.

Aliyeuvunja ni Jailos mwenyewe.

Kusema kweli, kulikuwa na mambo mengine kabla ya hapo. Jailos alitengeneza mlango wa watu ukawa mfupi. Akaurudia, ukawa mfupi tena. Siku nyingine randa yake ilikutwa ndani ya sufuria ya maharage. Tena alipotea njia akitoka Mwanjelwa, njia aliyoipita tangu ujana. Watu walisema ni pombe. Jailos hakuwa mnywaji. Yudith alijua hilo, lakini alinyamaza. Alitumaini yatapita.

Siku moja alimkuta Veneranda anakunja nguo zake na kuziweka kwenye begi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwetu, mama. Nimechoka kusemwa. Nikipita barabarani watu wananiangalia kama nimeiba."

Yudith akafunga mlango. Aliliogopa swali lake, lakini akauliza. "Amekugusa?"

"Hapana, mama."

"Sasa anafuata nini jikoni?"

Veneranda akainamisha kichwa. "Habari za baba mimi siwezi kuzisema. Ni mwiko."

"Leo sema. Mimi ndiye niliyekufundisha huo mwiko, na mimi ndiye ninayekuambia sema."

"Anasimama mlangoni. Anasema, 'Yudith, nimekuletea njaa.' Mimi nanyamaza, najifunika. Halafu ananiuliza kama baba yangu amekubali kupunguza ng'ombe. Mama, kwetu hawakudai ng'ombe hata mmoja. Sijui ananiuliza ng'ombe gani. Nikikimbia, analia."

Yudith alikaa chini, pale pale sakafuni. Ng'ombe hao aliwajua. Ni wa mahari yake. Baba yake alikataa kuwapunguza mpaka uchumba ukataka kuvunjika. Na "nimekuletea njaa" ilikuwa salamu ya Jailos walipokuwa wachumba, alipokuwa anapita kwao akisingizia ameitwa kutengeneza kiti. Wakati huo Yudith alikuwa na umri kama wa Veneranda, mwembamba hivyo hivyo, kitenge kimefungwa hivyo hivyo.

Jailos alikuwa anamtafuta mke wake. Anamtafuta kila siku, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na mke wake alikuwepo, ila hakumwona. Yudith akamwonea wivu yule msichana wa zamani, ambaye ni yeye mwenyewe.

"Usiondoke kwanza," alimwambia Veneranda. "Nisaidie."

Jioni ile akaja Rabson, kaka mkubwa wa Jailos. Hata chai hakutaka.

"Shemeji, aibu imefika mpaka kwetu Tukuyu. Jumamosi namchukua. Kuna mganga kule Rujewa. Anawafunga kwanza, mapepo yakitulia anawafungua."

"Anawafunga na nini?"

"Na kamba, shemeji. Ulitaka awafunge na utepe wa harusi?"

"Asipotulia?"

Rabson akasimama, akavaa kofia yake. Kichwani Yudith akamwona Jailos amefungwa kwenye nguzo ya kibanda ugenini, anamwita Yudith, na wa kumwitikia hayupo. Akaomba nafasi mpaka kesho. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Blandina, nesi wa zahanati.

Blandina alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Ya jana anayakumbuka?"

"Hata ya asubuhi hayakumbuki. Anaweza kudai chai, na kikombe anacho mkononi."

"Na ya zamani?"

"Ya zamani anayo mpaka na majina ya mbwa."

"Yudith, huenda ubongo wake unaumwa. Kuna ugonjwa unaitwa Alzaima. Unafuta kumbukumbu kidogo kidogo, na mara nyingi mambo ya karibuni ndiyo yanatangulia kufutika."

"Huo si wa wazee?"

"Wengi ni wazee. Lakini wapo unaowaanza kabla ya miaka sitini na mitano, hata kwenye arobaini. Hao ndio wanaoitwa walevi na wazembe, maana hakuna anayefikiria ugonjwa. Ila mimi simpimi mtu kwa macho. Matatizo ya tezi la shingoni, upungufu wa vitamini, kaswende, sonona, vyote vinaweza kumsahaulisha mtu. Mengine yanatibika. Ndiyo maana lazima apimwe."

Kesho yake wakakaa sebuleni: Rabson, Yudith na Blandina. Veneranda alibaki nyuma ya mlango, maana Rabson naye ni baba mkwe wake.

Rabson alisikiliza, akatikisa kichwa. "Nesi, kusahau nimekuelewa. Na kumfuata mkwe je? Ubongo ndio umemtuma?"

Ikatoka sauti ndogo nyuma ya mlango. "Baba hamfuati mkwe. Anamfuata mama. Ananiita Yudith."

Rabson alishtuka. Hakuwahi kusikia sauti ya mkwe huyu tangu aolewe. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mkweo. Nisameheni. Nikinyamaza mtamfunga kamba, na hajanikosea."

Ndipo Yudith akasimulia habari za ng'ombe. Rabson aliwakumbuka, maana mmoja alimswaga yeye mwenyewe mpaka ukweni. Akainama, akafuta uso kwa kofia yake.

"Basi, hospitali kwanza," alisema. "Rujewa haihami."

Hospitalini walimuuliza Jailos maswali mengi. Wakamwambia achore saa, wakachukua damu, wakapiga picha ya kichwa. Majibu yalipotoka, daktari akasema ni Alzaima. Hauponi. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini kazi kubwa ni matunzo.

Lugano alikuwa amekuja kutoka Makongolosi. Akauliza lile alilokuwa analiogopa. "Na mimi nitaupata?"

"Zipo familia chache zinazourithi," daktari alisema. "Kwa wengi si hivyo. Kama kwenye ukoo wenu wapo wengine walioanza mapema, tuambieni, tutawashauri."

Waliporudi, Rabson alileta jogoo na kitenge kipya. Akaviweka mbele ya Veneranda. "Mkwe, mwiko ulikuwa wa heshima. Sasa heshima ni kumwitikia mgonjwa. Katika nyumba hii nimekufungulia."

Veneranda alifungua begi, akazirudisha nguo.

Tangu hapo Jailos akija jikoni kusema ameleta njaa, Veneranda anamwambia, "Karibu, baba, chakula kinakuja," kisha anamwita mama mkwe wake. Jailos halii tena. Msumeno na patasi vimefungiwa. Amepewa msasa na vipande vya mbao, anasugua mpaka mbao inang'aa. Ndani ya koti lake imeshonwa namba ya simu. Mke wa Rabson anakuja kukaa naye siku ya kwaya, na Yudith anakwenda kuimba.

Yudith alirudi pia kwenye mashine ya kusaga. Akasimama mbele ya foleni. "Mume wangu anaumwa ubongo. Mkimwona amepotea, mshikeni mkono mnirudishie." Hakuna aliyecheka. Wiki iliyofuata Jailos alirudishwa nyumbani kutoka Mwanjelwa. Aliyemrudisha ni yule yule mwanamke wa maneno.

Mchana Yudith anakaa karibu naye kwenye kivuli cha nyumba. Jailos anasugua mbao yake, anasimama, anamtazama.

"Mama, hujamwona Yudith?"

Zamani alikuwa anamjibu, "Si ndiye mimi?" na Jailos anakasirika, anaona anadanganywa. Sasa anamuuliza, "Huyo Yudith yukoje?"

Naye Jailos anamweleza. Anaeleza vizuri, polepole, kama mtu aliyemwona jana.

Wewe mwenye mgonjwa kama huyu nyumbani, epuka haya:

Usiseme ni uchawi, pombe au tamaa kabla hajapimwa.

Usimfunge kamba wala kumfungia ndani peke yake.

Usimwachie moto, msumeno, pikipiki wala dawa azinywe mwenyewe.

Usibishane naye. Usimuulize, "Umesahau tena?"

Usimnyang'anye kazi zote. Mpe ile isiyomuumiza.

Usiwafiche majirani, maana akipotea wao ndio watamwona.

Usimtunze peke yako mpaka na wewe uanguke.

Usiache kumsalimia kwa sababu hakujui.