Kioo Kirefu cha Mulamba

Jumapili ile, ndugu zangu, nyumba ya Mulamba ilikuwa na amani. Misa ilikuwa imekwisha. Emerance alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, na mume wake Mulamba alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, akiisugua kwa kitambaa. Binti yao Mimi, mwenye miaka sita, alikaa juu ya kiti cha pikipiki akipiga honi kwa mdomo. Ninyi mnaopita barabara ya kituo cha treni mnaijua nyumba hiyo. Mlikuwa mkiwasalimu, nao wakiwaitikia.

"Mimi, shuka," Emerance alisema. "Utaunguza muguu na ile bomba ya moshi."

"Muache," Mulamba akajibu. "Leo yeye njo dereva. Dereva, nauli ya Kailo ni ngapi?"

"Wewe haupande," Mimi alisema. "Uko muchafu."

Wakacheka wote. Kisha Mulamba alimshusha mtoto, akavaa kaske yake, kofia ngumu ya pikipiki, akafunga kamba chini ya kidevu, akaenda kujaribu breki. Alikwenda hadi mwisho wa barabara kubwa tu, akarudi. Aliporudi, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Aliivua kaske kama mtu anayevua nguo yenye siafu, akakaa chini na kuziba masikio kwa viganja.

Emerance aliuacha mchi. "Papa Mimi, ni nini?"

"Upepo."

"Upepo tu?"

"Upepo mu kaske. Acha, itapita."

Emerance aliacha. Wengi wetu tungeacha.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Miaka ya vita, mji wetu wa Kindu ulipozingirwa na majeshi, treni zikaacha kuja, Mulamba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, mtu wa Kasai aliyefanya kazi ya reli, alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa. Mama yake, Ngoyi, alimficha nyuma ya ukuta wa bohari, akamlalia. Bomu likaanguka karibu. Mtoto alitoka mzima chini ya mwili wa mama yake aliyekufa, ila kwa wiki nzima masikio yalinguruma na hakusikia sauti ya mtu. Watu walimvusha mto siku ileile. Ngoyi alizikwa haraka na watu wasiomjua, na mpaka leo hakuna anayeweza kuonyesha mahali alipolala.

Hayo Emerance aliyajua tangu uchumba wao. Asichokijua ni kwamba ule mngurumo haukuondoka. Ulikuwa unamngoja mumewe ndani ya kaske, kila pikipiki iliposhika mwendo na upepo ukaanza kulia masikioni.

Pale wamotari, waendesha pikipiki wenzake, wanapongojea abiria, Mulamba alisema mara moja tu kwamba upepo unamsumbua. Kabasele, rafiki yake wa karibu, ndiye aliyeanza.

"Sikieni! Mulamba anaogopa upepo! Mukubwa, tukuletee bulangeti?"

"Tumutafutie na mama wa kumubeba mu mugongo!" mwingine akapaza sauti.

Mulamba alicheka pamoja nao. Hakusema tena. Lakini wiki iliyofuata alimwambia Emerance wafuatane kwa fundi Twaibu kutafuta kioo cha mbele, kile cha plastiki kinachokinga upepo.

Twaibu alikuwa navyo vitatu, vimening'inia ukutani: kifupi, cha kati na kirefu. Hakuuza haraka. Alimkalisha Mulamba juu ya pikipiki.

"Kaa vile unakaaka mu njia, papa. Usijinyooshe kama uko mu foto."

Emerance akacheka, Mulamba akalegeza mabega. Twaibu akakishika kile kirefu mahali pake, akatazama kwa pembeni.

"Hii haikufai. Ona, ukingo wake unafika kwa paji ya uso. Upepo utapanda kioo, utafika pa juu, utavunjika, utaangukia juu ya kaske yako. Chukua ya kati. Ukingo ufike kwa pua, macho ipite juu yake. Pale upepo unaruka kichwa yako nzima. Na mvua ikichafua kioo, bado unaona njia."

"Kirefu kinafunika zaidi," Mulamba alisema.

"Kinafunika kifua. Lakini kichwa, upepo utaipiga. Kama unakipenda sana, nikikate upana wa vidole vine."

Mulamba alikitazama kile kirefu. Emerance, aliyesimama karibu, aliona macho yake na hakuelewa. Mtu aliyeokoka nyuma ya ukuta hupenda ukuta. Tena juu ya kioo kile kulikuwa na nafasi. Mnajua desturi yetu hapa: motari hawezi kutembea na kioo kitupu. Huyu anaandika jina la Mungu, yule la mtoto wake, mwingine la mtu aliyemzika. Mulamba alikinunua kirefu, bila kukatwa, akampelekea mwandishi wa vibao. Kiliporudi nyumbani kilikuwa na herufi nyekundu ukingoni kabisa: MAMA NGOYI.

Emerance alimwona akiligusa lile jina kwa kidole, herufi moja moja. Hapo akaelewa. Ndugu zangu, Ngoyi hakuwa na msalaba wala jiwe. Jina lake halikuwa limeandikwa popote duniani isipokuwa pale.

Na Twaibu alikuwa amesema kweli. Kifua cha Mulamba kilitulia, hata vumbi lilipungua kwenye shati. Lakini kichwa kikawa ndani ya ngoma. Upepo uliruka ukingo wa kioo na kupiga kaske kwa makonde, ikatikisika mpaka macho yakaona njia mbilimbili. Kelele ikazidi ya zamani. Baada ya siku nne Mulamba alianza kuendesha kichwa wazi, kaske ameivaa mkononi kama kikapu cha sokoni.

Emerance alipiga kelele. Alimfuata barabarani mbele ya majirani. Mwisho alimwita Twaibu nyumbani.

"Vidole vine tu, papa," Twaibu alisema. "Ninakata na musumeno ya chuma, ninapitisha musasa. Nusu saa. Kisha ukiwa mu njia, pandisha mukono polepole juu ya kichwa. Utasikia wewe mwenyewe pale upepo umetulia."

"Mu ile vidole vine njo jina ya mama iko."

"Tutaandika lingine chini yake."

Mulamba aliweka kiganja juu ya lile jina. "Tarehe kumi na tisa ni misa ya kumukumbuka mama. Misa ikiisha, ukate. Siwezi kumukata mama mbele ya misa yake."

Ilikuwa tarehe saba. Twaibu alimtazama Emerance, Emerance akamtazama mumewe. Ilikuwa ahadi, na ilikuwa na tarehe. Wakakubali.

Tarehe kumi na sita asubuhi, Mulamba alikuwa anakwenda Kailo kuchukua mabidoni ya mafuta ya mawese. Emerance alisimama mlangoni na kaske mikononi.

"Vaa. Usipovaa hautoke hapa."

Akavaa. Akaondoka. Kabla Emerance hajawasha jiko, akasikia pikipiki inarudi. Mulamba alisimama uani, jasho linamtiririka shingoni.

"Mama Mimi," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo ndani ya kaske. "Mu hii kitu ninarudi nyuma ya ukuta. Kila mara. Ninamusikia mama anapumua juu ya mugongo yangu. Kisha hapumue."

Walikuwa wameoana miaka tisa. Hakuwa amemwambia hayo hata mara moja.

Huruma ilimjaa Emerance kifuani. Akanyoosha mikono, akafungua kamba chini ya kidevu cha mume wake, akaivua ile kaske kwa upole kama unavyomvua mtoto aliyelala, akaipeleka ndani.

"Nenda polepole," alisema.

"Ninaenda polepole."

Na kweli alikwenda polepole. Msiseme alikimbia. Kabasele, aliyekuwa nyuma yake na abiria, alishuhudia. Karibu na Kailo kuna daraja la mbao. Mvua ilikuwa imenyesha, gurudumu la mbele likateleza katikati ya mbao mbili, na Mulamba akaanguka ubavu, taratibu, kama mtu anayelala. Kichwa kikapiga gogo la pembeni. Mikono yake ilikuwa mizima. Miguu ilikuwa mizima. Pikipiki haikuvunjika na kioo hakikupata mkwaruzo. Kabasele aliendesha, abiria wake akampakata, wakamrudisha mjini wakiwa watatu juu ya pikipiki moja, na aliposhushwa hospitalini alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwenye matanga Kabasele alikuja akakaa chini mbele ya Emerance. Hakukaa kwenye viti vya wanaume.

"Shemeji, alisema ni upepo. Tulimucheka."

"Mulimuuliza ni upepo gani?"

"Hapana."

"Hata miye sikumuuliza. Na aliponiambia mwenyewe, nilimuhurumia vibaya."

Mimi alikuwa amelala mkekani kati ya shangazi zake, na wanawake walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini ili wasimwamshe.

Misa ya tarehe kumi na tisa ilisomwa kwa majina mawili.

FUNZO

Ndugu zangu wa Kindu, hadithi hii ni ya kioo, na mtu anaweza kusema ni jambo dogo. Ni dogo. Lilihitaji nusu saa na msumeno.

Kioo cha pikipiki hakichaguliwi kwa urefu wake wala kwa uzuri wa maandishi. Kinachaguliwa kwa kimo cha anayekaa nyuma yake. Kama upepo unapiga kaske yako, ubaya uko kwenye kioo. Rekebisha kioo, usivue kaske. Wafu wetu tuwakumbuke, tuwaombee, tuandike majina yao, lakini tusiwangojee wao kwanza ndipo tumlinde aliye hai. Ngoyi alimfunika mwanawe kichwa kwa mwili wake. Angekuwapo, angekikata kioo kile kwa meno.

Nanyi mnaocheka pale mnapongojea abiria, jueni kwamba katika mji huu hakuna mtu mzima asiye na kitu alichotoka nacho vitani. Mwenzako akisema upepo unamsumbua, huenda hasemi upepo.

Kwa wake na waume wa watu hao nasema hivi, kwa kuwa Emerance ameniomba niandike: huruma peke yake haitoshi. Mtu wako akishindwa kuvaa kaske, muulize anasikia nini ndani yake. Akikuambia, lia naye. Kisha shika mkono wake, mwende kwa fundi siku ileile, na pikipiki ibaki nyumbani mpaka kazi iishe.