Panzi Asiyeota Mabawa

Theodora hakuwa na viatu. Hakuwa na kaka wa kumpokea mbuzi jioni, wala taa ya kusomea, wala kibao kizima cha kuandikia. Chake kilikuwa kimemeguka pembe moja. Lakini mwaka ule wa nzige, alichokikosa kuliko vyote ni ujasiri wa kusema alichokiona kichakani.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni pale Itigi, alichuma majani ya mbuzi ukingoni mwa kichaka. Humo ndani baba yake, Paulo, alikuwa ametundika mizinga ya nyuki, na asali ndiyo iliyowalisha mvua zilipogoma. Huko Theodora aliwaona panzi wa ajabu: wanene, rangi ya gome la mti, wenye mapaja mekundu, na mgongoni hawana bawa hata moja.

Aliingiwa na hofu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetangaza kwamba kila anayeona tunutu, yaani watoto wa nzige ambao hawajaota mabawa, amwarifu jumbe, na mahali hapo pachomwe moto. Kichaka kikichomwa, mizinga nayo itateketea. Theodora akanyamaza. Akawaweka panzi wachache katika chungu chenye udongo, akakifunika kwa kitambaa na kukificha nyuma ya ghala, aone kama wataota mabawa.

Mabawa hayakuota. Yaliyoota ni maneno ya watu. Jirani alimwona akipeleka majani nyuma ya ghala, mahali pasipo mbuzi, naye akaenda kuchungulia. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza mama yake anapofika. Ikasemwa kuwa Paulo anafuga nzige ili mashamba ya wenzake yaliwe, yeye awauzie asali wenye njaa. Shuleni Theodora akaitwa Mama Nzige.

Asubuhi moja Jumbe Mughwai alifika na watu walioshika vijinga vya moto, pamoja na Bonaventura, mkaguzi wa nzige wa serikali.

"Paulo, nyuma ya ghala lako pana nini?"

Paulo alijibu kwamba hana habari. Jumbe akatabasamu, kama mtu aliyelitazamia jibu hilo. Ndipo Paulo akamgeukia bintiye, na Theodora akaona machoni mwa baba yake shaka ile ile ya kisimani. Hilo lilimuuma kuliko jina la Mama Nzige.

"Ni mimi, baba," alisema. "Niliwaona kichakani, nikaogopa mizinga itachomwa. Nikawafuga nijue kama ni tunutu."

Akaleta chungu. Bonaventura hakumwamini upesi. Alimwuliza nani amemfundisha maneno hayo, kisha akamwuliza tena kwa njia nyingine. Hatimaye akafunua kitambaa. Panzi mmoja mkubwa alikuwa amezamisha mkia udongoni. Bonaventura akamwondoa, akafukua taratibu kwa kijiti, akatoa mayai yaliyoshikamana na mchanga.

"Jumbe, mtoto hazai," alisema. "Tunutu hatagi mayai. Huyu ni panzi mzima, na mabawa hatapata kamwe. Nimezunguka wilaya nyingi, sijapata kumwona."

Jumbe aliuliza kama mkaguzi amekwisha kulambishwa asali ya Paulo. Watu wakacheka, na wakicheka hivyo wakavishusha vijinga chini.

Bonaventura akaketi kuwaandikia wataalamu wa wadudu, akimweleza panzi yule jinsi alivyo. Theodora alimtajia rangi, mapaja, dume mdogo anayebebwa mgongoni na jike, na majani wanayopenda. Alipoulizwa kama wanakula mtama, alisita, akasema hajui, maana hakuwahi kuwapa.

"Nitaandika kwamba hujui," alisema Bonaventura. "Hiyo nayo ni kweli."

Paulo akamshika binti yake bega. "Mwanangu, uliangalia vizuri, lakini ulificha. Jambo jema likifichwa watu hulidhania baya, na huwezi kuwalaumu. Siku nyingine niambie mimi kwanza, hata kama ni mizinga yangu itakayoungua."

Jumbe alitaka barua isomwe mara mbili kwa sauti. Iliposomwa, hakuona la kupinga. Akaokota mwenyewe kijinga kimoja kati ya vile vilivyoletwa kuchoma kichaka, akayeyushia lakiri, ile nta ya kufungia barua, juu ya bahasha, na Bonaventura akapiga muhuri. Treni ya mchana ikaondoka nayo.