Kulwa Hutangulia

Siku ambayo Kulwa Budeba hakurudi nyumbani, jua lilikuwa kali Uyole na malori yalikuwa yameziba barabara.

Alikuwa amebeba mfuko wa mbolea begani. Mkewe, Esther, alikuwa nyuma yake akibishana na muuza viatu.

Land Cruiser nyeupe isiyo na namba ilisimama. Wanaume watatu wakashuka.

"Wewe ndiye Kulwa wa Usangu?"

"Ndiyo, kaka. Kwani kuna..."

Hakumaliza. Kitako cha bastola kilimpata mdomoni. Mfuko ukaanguka ukapasuka, mbolea ikamwagika kwenye lami. Wakamtupa ndani kama ndama.

Esther alikimbia na kiatu kimoja mkononi.

"Mnampeleka kituo gani? Jamani, kituo gani?"

Gari likaondoka. Hakuna kituo kilichomwandika.

*

Simu ilimkuta Frida Kalinga Iringa, mezani kwa mama yake.

"Nyuki wameingia mzingani."

"Nani analina?"

"Wewe."

Simu ikakatwa. Frida akanawa mikono.

"Hata mboga hujagusa," mama yake alisema.

"Niwekee."

Alivaa koti juu ya Glock 19 yake na kuwasha Prado. Alikuwa jasusi wa Kitengo cha Tisa. Majirani walidhani anauza bima.

Mbeya, nyumba ya Kitengo ilikuwa nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Mkuu wake, Dastan, alikuwa anakunywa chai ya maziwa.

"Kuna baruti imevuka Tunduma," alisema. "Wanataka kulipua stendi ya Iringa kesho, watu wakiwa wamejaa. Mwenye mzigo tunaye chumba cha nyuma. Seni ndiye aliyetuonyesha."

Seni alikuwa mtoa habari mpya. Alijiita mfugaji wa Kisukuma kutoka Usangu, na kutokana na taarifa yake polisi wote wa barabarani walikuwa wamehamishiwa huko kupekua malori ya ng'ombe.

"Amepelekwa mahakamani?"

Dastan akacheka. "Bomu halisubiri hakimu, Frida."

"Sheria inasema..."

"Sheria imeandikwa na watu waliolala salama. Nani aliwalinda wakilala? Hizo haki za binadamu kawasomee maiti wa stendi."

Frida aliifikiria stendi. Mama yake hupita stendi ile kila anapokwenda sokoni.

Akaingia chumba cha nyuma.

Kulwa alikuwa ananing'inia kwenye bomba kwa mikono iliyofungwa, vidole vya miguu vikigusa sakafu kwa shida. Kucha tatu hazikuwepo. Yotamu, dereva wa ile Land Cruiser, alikuwa amekaa kwenye ndoo, waya wa umeme mapajani.

"Dada," Kulwa alisema. "Naomba maji."

"Maji!" Yotamu akacheka. "Taja lori, bwana mkubwa, tukuletee Ziwa Victoria lote."

Frida alichukua chupa akamnywesha. Mengi yalimwagika. Midomo haikufungika tena.

"Nataka usikilize hii," alimwambia, akabonyeza Samsung yake.

Sauti ya Seni ikajaa chumbani. "Huyu Kulwa nimekua naye. Sisi Wasukuma ni ndugu. Nilichunga ng'ombe pamoja naye na kaka yake mkubwa, Doto. Nyumba ile naijua mpaka jikoni..."

Kulwa aliinua kichwa.

"Rudisha hapo, dada. Hapo kwa Doto."

Frida akarudisha.

Kulwa alicheka. Kicheko kilitoka na damu.

"Huyo si Msukuma. Kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ndiye Kulwa. Doto hufuata. Mimi ndiye mkubwa. Hata mtoto anayenyonya kwetu hawezi kukosea hilo."

"Mjanja huyu," Yotamu alisema.

Frida alizima simu. Mtu aliyedanganya kabila lake, amedanganya nini kingine? Polisi wote wako Usangu. Barabara kuu ya kwenda Iringa iko wazi.

Wamehamishwa na Seni.

Alitoka mbio.

"Mkuu, mtoa habari wako ndiye mwenye mzigo. Ametupeleka Usangu ili apite barabara kuu. Mteremshe yule mtu. Ita daktari."

"Kwa sababu ya majina ya mapacha?"

"Kwa sababu hiyo."

Dastan alikoroga chai. "Mfuate Seni ukitaka. Huyu anabaki juu. Ukiwa umekosea, nitakuwa na wa kumuuliza."

"Atakufa."

"Basi kimbia."

*

Prado ilipita Igawa kama upepo. Makambako ikabaki nyuma.

Redio ikakohoa. Alikuwa Veneranda, fundi wa mawasiliano wa Kitengo.

"Simu ya Seni iko Nyololo. Haisogei."

"Wapi Nyololo?"

"Njia panda ya kwenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo."

"Kulwa je?"

Redio ilikwaruza tu.

"Veneranda. Kulwa je?"

"Bado wanamuuliza."

Frida alikanyaga mafuta.

Nyololo, Scania nyekundu ilikuwa pembeni ya barabara, imejaa rola kubwa za karatasi. Dereva alikuwa ndani, anasinzia. Karibu na tairi alisimama Seni, anatafuna hindi la kuchoma.

"Kamwene," alimsalimia Frida kwa Kihehe kizuri; sauti ilikuwa ile ya kwenye Samsung.

"Kamwene. Leo umekuwa Mhehe?"

Akacheka. "Barabarani mtu huwa wa kila mahali, dada yangu."

"Kaka yako mkubwa Doto hajambo?"

"Doto yupi?"

"Wa Kulwa. Uliyechunga naye ng'ombe. Si yeye ndiye mkubwa?"

"Aa, huyo! Mkubwa, ndiyo. Hajambo kabisa."

Ndipo alipoona mkono wa Frida ndani ya koti.

Hindi likaanguka. Makarov ikatoka kiunoni.

Glock ilitangulia. Risasi ilipita kiganjani mwa Seni, naye akapiga magoti akilia. Dereva alifungua mlango akakutana na mdomo wa bastola. Akalala chini bila kuambiwa.

Frida alipanda juu ya mzigo. Kila rola ya karatasi ina tundu katikati. Moja lilikuwa limezibwa. Alizibua kwa kisu. Ndani zilijaa baruti za migodini, na Nokia ndogo imefungwa kwa utepe wa gundi na nyaya mbili.

Alikata waya mmoja. Akatoa betri.

Kwisha.

Redio ikaita. Dastan.

"Umempata?"

"Ninaye. Mzigo pia. Mteremshe Kulwa."

"Mmalize Seni hapo hapo. Sitaki wakili, sitaki magazeti."

Watu walikuwa wameanza kusogea: wauza mahindi, vijana wa bodaboda, wanawake wenye ndoo za njegere.

"Gaidi huyo, afande!" mmoja alipaza sauti. "Mchome moto! Petroli ninayo!"

Wengine wakaitikia. Dumu likapitishwa mkono kwa mkono, kwa vicheko, kama pombe ya harusini.

Frida alifyatua risasi moja juu.

"Toeni simu zenu!" alisema. "Pigeni picha uso wake. Pigeni na wangu. Naitwa Frida Kalinga. Nimemkamata akiwa hai, nampeleka polisi Mafinga, kisha mahakamani. Asipofika, mniulize mimi."

Simu zikainuliwa. Dumu likashushwa.

Frida akashika redio. "Mkuu, nusu ya Nyololo inaturekodi. Sasa mteremshe Kulwa."

Aliyejibu ni Veneranda, sauti yake ndogo.

"Ameshateremshwa, Frida. Yotamu ametoka naye. Amechukua na sepetu."

*

"Hakuna Kulwa," Dastan alisema Frida aliporudi Mbeya, bila kuinua macho. "Hakuna kitabu kilichomwandika. Umeokoa stendi nzima. Kanywe soda."

Frida alikuwa ameshambana Yotamu kooni na kujua alikomzika Kulwa. Aliweka Glock mezani, karibu na kikombe cha chai, akatoka.

Getini alisimama mtu mwenye uso wa Kulwa, ila mzima.

"Shikamoo, afande. Naitwa Doto Budeba. Nimeifuata Land Cruiser nyeupe isiyo na namba mpaka hapa. Namtafuta kaka yangu."

"Marahaba." Frida alimtazama. "Kaka yako mkubwa."

"Ndiyo. Kulwa."

Frida alimweleza yote, pale pale, mbele ya mlinzi. Alitaja majina. Alimwonyesha mlima kwa kidole, shamba la misonobari. Kisha akafunga zipu ya koti, akatembea kuelekea barabarani, wala hakugeuka.

Doto alikwenda mlimani na Esther. Walikuta miche imepandwa juzi, mistari kwa mistari, udongo wote umechimbuliwa na wote unafanana. Walichimba kwa mikono mpaka walinzi wakawafukuza.

Seni alitibiwa kiganja. Ana wakili, na kesi yake inasikilizwa Iringa. Frida alipotoa ushahidi alimtaja Kulwa, naye hakimu akasema hilo haliko mbele ya mahakama. Yotamu bado anaendesha ile Land Cruiser.

Siku hizi anayekwenda Uyole kununua mbolea ni Doto. Esther huenda naye, na humshika shati mpaka wapande gari la kurudi.