Vitabu Vilivyosimama Kichwa Chini

Frida alilala kifudifudi chini ya meza, katika chumba cha vitabu vya wasioona alichokihudumia, mtaani Buzebazeba. Fuvu lilikuwa limepasuka. Juu ya meza ilikaa mashine yake ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya kupapaswa kwa vidole; chuma kizito, imefutwa ikang'aa.

Mlangoni, kati ya askari wawili, alisimama Mzee Nassib, mstaafu wa reli, kipofu. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi vifundo.

Inspekta Sia alimwamkia kwanza, kisha akamhoji. Mzee alieleza kwamba alitoka msikitini Ujiji baada ya adhuhuri, akaja kurudisha kitabu, akajikwaa kwenye mwili.

"Kwa nini ulimshika?"

"Mwanangu, wewe ungemtazama. Mimi nilimpapasa uso nimjue."

Nje watu walishamhukumu. Juzi aligombana na Frida kwa sauti, kwa ajili ya kitabu alichoazimwa mtu mwingine. Aliyelitaja jambo hilo ni mkuu wa chumba, Mwalimu Elikana, mtaalamu wa nukta nundu aliyepelekwa kusomea Dar. Alisema alikwenda kula akimwacha Frida hai, na kabla ya kutoka aliipanga rafu yote kwa mikono yake mwenyewe.

Sia akainama juu ya mashine. Katikati ya vibonye, mahali ambapo kitambaa hakikufika, palikuwa na damu na unywele. Silaha ilikuwa hiyo. Lakini aliyeifuta aliiona damu ilipo. Na nani afute chuma kiasi hicho, kisha aache mikono yake ikichuruzika?

Sakafuni palikuwa na mikwaruzo mipya. Rafu ilianguka katika purukushani, ikainuliwa, vitabu vikarudishwa. Majalada ya vitabu hayakuwa na wino hata tone, nukta tu.

Sampuli ya damu ilipochukuliwa mikononi mwa mzee, Sia alimpa kitambaa ajifute, akamwongoza hadi kwenye rafu. Mzee akafungua kitabu kimoja, cha pili, cha tatu.

"Vyote kichwa chini miguu juu," akasema. "Kavipanga asiyejua kusoma."

Sia alitazama dirishani. Elikana alikuwa uani, akiwafariji majirani.

Akamkalisha mzee kwenye mashine nyingine, akamnong'oneza. Mashine ikagonga kidogo, ikanyamaza. Elikana akaitwa.

"Mwalimu, ukurasa huu nimeukuta humu. Tusomee."

Elikana alifumba macho, akapitisha vidole taratibu. "'Ziwa Tanganyika lina kina kirefu.' Maskini, alikuwa anaandaa somo la jiografia."

"Una hakika?"

"Afande, hii ndiyo kazi yangu."

"Mzee, uliandika nini?"

"'Aliyemuua Frida ndiye anayesoma mstari huu.'"

Elikana aliondoa vidole kwenye karatasi.

Sia alimweleza haki yake ya kunyamaza. Hakunyamaza. Mafunzo yalimshinda, akarudi na cheti alichokipata kwa kujuana na wakubwa. Miaka yote Frida aliandika, yeye akatia saini. Sasa watoto wasioona walikuwa waletwe awafundishe, na Frida alikuwa ameshamgundua.

"Alikutisha kwamba atakushtaki?"

"Hapana. Alisema atanifundisha, watu wasijue. Alinishika kidole akakiweka kwenye herufi ya kwanza, kama mtoto wa chekechea. Mimi nifundishwe na kipofu?"

Mashine ilikuwa karibu na mkono wake. Frida hakuuona ukiinuka.

Pingu zikafungwa. Alipopitishwa mlangoni, Mzee Nassib hakumtukana. Aliuliza tu ni lini watoto wanakuja.

Akairudia rafu, akaanza kuvigeuza vitabu, kimoja baada ya kingine, damu ya Frida imemkaukia chini ya kucha.