Usimtaje Aliyekwenda na Meli

Siku ya Jumanne, tarehe 18 Machi, mwaka 1975, Nareyu alikuwa amekishika kipaza sauti cha redio kwa mikono miwili, kama mtu aliyemkamata nyoka na hajui amtupe wapi. Alikuwa ndani ya chumba kidogo cha mawasiliano, katika hoteli iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nje, ukungu ulikuwa umeegemea kioo cha dirisha kama uso wa mtu anayechungulia.

"Bonyeza ndipo useme. Ukimaliza, achia," karani Patrisi alikuwa amemwelekeza, kisha akakimbilia kwenye jenereta iliyokuwa ikikohoa uani.

Nyuma ya Nareyu alisimama Nanyokie, mama yake Olais. Nanyokie hakujua Kiswahili hata neno moja. Nareyu, mchumba wa Olais, alikuwa amejifunza katika darasa la kisomo cha watu wazima, na kwa hiyo siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa sikio na kinywa cha ukoo mzima.

"Qamara! Ni wewe? Mimi Nareyu."

"Ni mimi, dada. Niko Mombasa. Nisikilize vizuri, sauti inakatika. Meli yetu imepigwa na dhoruba."

Qamara alikuwa Mwiraqw wa Karatu, mpishi. Yeye na Olais walifanya kazi pamoja katika hoteli hiyo hiyo, mpaka mgeni mmoja mwenye meli ya watalii alipowapenda na kuwachukua wote wawili. Mmoja akapike, mwingine abebe sinia, huko maji yanakoelekea Shelisheli.

"Imezama?"

"Haikuzama, imeharibika. Wimbi limevunja vioo vya ukumbi wa chakula. Mashua za kuokolea watu zimeng'olewa kama meno. Injini imeingia maji ikafa, tukaelea gizani, hatuna taa wala usukani, mpaka meli nyingine ikaja kutuvuta."

Nareyu akamfasiria mama mkwe wake kwa Kimaasai, polepole.

"Muulize mwanangu yuko wapi," akasema Nanyokie.

"Qamara, mwenzako yuko wapi?"

Redio ikakoroma. Kisha neno moja likapita katikati ya makelele, safi kabisa:

"Amelazwa."

Mikono ya Nareyu ikapoa. Neno hilo alilijua: mama humlaza mtoto, mchungaji humlaza ndama. Lakini mtu mzima, mwenye nguvu zake, hulazwa na wenzake mara moja tu. Akifa, hutolewa nje ya boma, akalazwa porini kwa ubavu, na waliompeleka wakarudi bila kuzungumza. Kisomoni walikuwa wamefika somo la mbegu bora na mbolea. Somo la hospitali lilikuwa bado.

"Mpe kipaza sauti nizungumze naye!"

"Hawezi kusema, dada. Hawezi kabisa."

"Unamsema nani, Qamara? Taja jina lake!"

Kikasikika kitu kama maji yanayochemka mbali sana.

"Jina lake siwezi kulitaja tena. Wewe ni Mmaasai, unaijua desturi. Tangu siku ile ya dhoruba, kwangu mimi yeye ni..."

Redio ikakata.

"Amesema nini?" Nanyokie akauliza. "Nareyu, uso wako umekuwa wa majivu. Amesema nini?"

"Yeyo," akajibu Nareyu, yaani mama, "amesema wamemlaza. Nikamwomba ataje jina. Amekataa."

Nanyokie hakupiga kelele. Alianza kuvua shanga zake shingoni, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya meza ya karani. Patrisi aliporudi na mafuta mikononi, aliziona zile shanga akaelewa. Alikuwa ameishi na Wamaasai miaka mingi, akajua kwamba pole hutolewa na swali halifuati.

"Poleni sana," akasema, akatazama chini.

Hivyo ndivyo jambo lilivyofungwa. Kwa Wamaasai, jina la marehemu huondoka pamoja naye. Asiyejali akalitamka, huwa amemwita mwenyewe, na mwenyewe akiitwa huja, tena haji peke yake. Wanawake wa boma wakanyoa vichwa. Mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilo hilo akapewa jingine siku hiyo hiyo, akawa anaitwa na haitiki. Hakuna aliyerudi kwenye redio kuuliza zaidi, kwani utamuulizaje mtu usiyeweza kumtaja?

Masika yakaingia, na ukungu ukagoma kuondoka. Asubuhi moja Nareyu alikuwa akiteka maji pamoja na ndugu yake Naeku, akasimama ghafla ukingoni. Kreta yote ilikuwa imejaa weupe hadi juu, na weupe huo ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu.

"Naeku, umesikia?"

"Nini?"

"Sahani. Sahani zinavunjika huko chini."

"Huko chini kuna nyati na simba. Nani amewapelekea sahani?"

"Nakuambia nimesikia. Na harufu ya chumvi, huisikii? Bahari imepanda mpaka huku. Imemfuata."

"Imemfuata nani?"

Nareyu akafungua kinywa. Jina likafika mpaka kwenye meno.

"Funga kinywa chako!" Naeku akambana mdomo kwa kiganja. "Unataka atusikie? Twende. Wewe huzuni imekuwa ugonjwa."

Siku chache baadaye, mzee Moloimet, baba wa marehemu, alimwita Nareyu mbele ya wazee wawili.

"Binti yangu, ng'ombe wetu wako kwa baba yako, na wamekwisha kuzaa. Boma halipotezi bibi arusi kwa sababu ya maji. Utakwenda kwa Senteu."

"Baba, nakuheshimu. Lakini sikumwona amekufa. Nilisikia neno tu."

"Na neno hilo lilitoka kwenye kinywa cha nani?"

"Changu."

"Basi usilikimbie."

Senteu, mdogo wake Olais, alikuwa kijana mrefu mwenye mzaha hata msibani. Nareyu alimkuta akimfunga ndama.

"Senteu, wewe unanitaka?"

"Mimi nataka usingizi. Kila nikisinzia, yule mtu ananijia amelowa maji, ananiuliza ng'ombe wake mwekundu nimemlisha wapi."

"Basi mkatalie baba."

"Nimkatalie Moloimet? Kwa meno yapi?" Akacheka kidogo. "Nareyu, sura yangu ni mbaya kiasi hicho?"

"Sura yako ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba si ya kwake."

Senteu akafunga fundo lile lile mara ya pili.

Siku ya arusi ikafika, mwanzoni mwa Mei, na ukungu wa siku hiyo ulikuwa mzito kuliko wote. Nareyu alinyolewa, akapakwa mafuta na udongo mwekundu, akavishwa shanga mpaka mabegani. Baba yake akambariki kwa maziwa, akamwambia maneno ambayo kila bibi arusi wa Kimaasai huambiwa:

"Nenda, wala usigeuke nyuma. Anayegeuka huwa jiwe."

Wakaondoka kwa mstari. Senteu mbele, msimamizi wake Metui akimfuata, kisha Nareyu, na Naeku nyuma kabisa. Bibi arusi hutembea kwa unyonge, hatua ndogo ndogo. Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi kufika bomani kwa Moloimet wakati sauti ilipotoka nyuma yao, kutoka ndani ya ukungu.

"Nareyu."

Haikuwa sauti ya mtu yeyote waliyemjua. Ilikuwa kavu na ya kukwaruza, kama mlango wa bati unaovutwa.

"Usigeuke," Senteu akasema, naye mwenyewe hakugeuka.

"Nani huyo?"

"Hakuna mtu. Tembea."

"Senteu," sauti ikasema. "Hata wewe hunijibu?"

Fimbo ya Metui ikaanguka. Hakuna aliyeiokota. Naeku, ambaye hakuwa bibi arusi na hakukatazwa kugeuka, akachungulia juu ya bega lake.

"Ni mweupe mtupu," akanong'ona. "Nguo nyeupe. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Na hana miguu. Nareyu, hana miguu!"

"Mbona mnanikimbia?" ikauliza sauti. "Tangu barabarani, wanawake wanaoteka maji wamenikimbia. Watoto wameacha mbuzi wakanikimbia. Jina langu mmelitupa?"

Nareyu alisimama. Mgongo wake ulikuwa wa baridi kana kwamba mtu amemmwagia maji ya bahari asiyowahi kuiona. Akauliza bila kugeuka:

"Qamara alisema umelazwa."

"Nililazwa, ndiyo."

Naeku akapiga yowe.

"Alisema huwezi kusema."

"Sikuweza."

"Na sasa unasemaje?"

"Sasa wamenifungua."

"Mungu wangu, wamemfungua!" akalia Metui. "Senteu, tukimbie!"

"Usimjibu tena," Senteu akasema, akamshika Nareyu mkono. "Dada yangu, shemeji yangu, mke wangu, sijui nikuiteje. Usimjibu. Na ukithubutu kumtaja, utatuua wote, na mama yangu yuko pale langoni."

Nareyu akaona njia zote mbili. Kama aliye nyuma yake ni marehemu, basi kumtaja ni kulifungulia boma lango la mauti, na kugeuka ni kuwa jiwe. Kama ni mtu hai, basi kila hatua anayopiga mbele inamzika kwa mikono yake, kama alivyomzika kwa ulimi wake siku ile ya redio. Akauondoa mkono wa Senteu taratibu, kidole kimoja kimoja. Akavuta pumzi ya ukungu. Akageuka.

"Olais!"

"Oe!"

Aliitika kama mchungaji yeyote anavyoitika akiitwa ng'ambo ya kilima: upesi, kwa uchovu, na kwa hasira kidogo. Nareyu akaenda kwake. Shanga zikalia. Akamgusa shavu, likawa la moto. Chini ya kitambaa kulikuwa na kovu lililotoka sikioni hadi kidevuni, na pumzi yake ilinuka dawa. Miguu nayo alikuwa nayo, imevaa suruali nyeupe ya meli iliyotapakaa tope hadi magotini.

"Pakerr!" mtu akapiga kelele zaidi nyuma, akihema. "Pakerr, nisubiri! Huyu kondoo wako amekaa katikati ya barabara kama mkuu wa idara!"

Akatokea Qamara, amemkumbatia kondoo mnono, kofia imemwangukia puani.

"Umemwitaje?" Nareyu akauliza.

"Pakerr. Si ndiyo desturi yenu? Nilikuwa jikoni wimbi lilipoingia. Jiko liling'oka likanibana ukutani, na maji yananifika kifuani. Sahani zote za meli zilikuwa zinavunjika kwa pamoja, sitaki kuisikia tena sauti ile. Huyu akaja akanivuta. Tulipokuwa tunatoka, kioo cha ukumbi kikapasuka kikampiga, taya likavunjika. Nikamwambia, tukipona nitakupa kondoo."

"Nami nikamwandikia kwenye kiganja kwa kidole," akasema Olais kwa sauti yake mpya ya kukwaruza, "kwamba waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina. Huitana Pakerr. Ulikuwa mzaha wa mgonjwa. Kumbe mwenzangu ameushika kama amri ya Musa!"

"Nisingeshika?" Qamara akateta. "Mwiraqw akikosea desturi ya Mmaasai, mnasema ametudharau. Akiishika, mnamnyolea mtu aliye hai!"

"Ulisema amelazwa!"

"Hospitali! Amelazwa hospitali, dada! Niliitaja, redio ndiyo iliyoila. Taya lilifungwa kwa waya, angesemaje?"

Nanyokie alikuwa amekwisha kufika, akikimbia bila viatu. Hakumwendea mwanawe kwanza. Alimwendea Nareyu, akamminya mkono kwa nguvu, akamminya na shavu.

"Amegeuka nyuma," akasema. "Lakini bado ni nyama." Ndipo akamwangukia mwanawe kifuani, na kilio alichokinyima chumba cha redio akakitoa chote hapo.

Senteu aliiokota fimbo, akampa kaka yake.

"Shika msafara wako. Mimi nimekutembezea bibi arusi mpaka hapa, na miguu inaniuma. Na ng'ombe wako mwekundu nimemlisha vizuri, acha kunifuata usingizini."

"Mimi? Nilikuwa Mombasa nalishwa uji kwa mrija!"

Si wote waliocheka. Metui alitazama ukungu ule nyuma yao, ambao ulikuwa bado ukipanda na kushuka, akasogea karibu na wenzake.

Bibi arusi aliyetoka kwao harudishwi nyuma, hata kwa furaha. Kwa hiyo mstari ukapangwa upya: Olais mbele na nguo zake nyeupe za meli, Nareyu akimfuata kwa hatua zake ndogo. Langoni, mzee Moloimet hakuweza kuona zaidi ya fimbo yake mwenyewe. Akauliza kama wazee wanavyouliza:

"Mnamleta bibi arusi wa nani?"

Senteu akanyamaza. Metui akanyamaza. Hata Nanyokie, aliyekuwa amemshika mwanawe mkono, ulimi ulimshinda, kwa maana midomo yao ilikuwa bado na hofu ya siku nyingi. Mzee akauliza mara ya pili, na sasa sauti yake iliingiwa na woga.

"Nimesema, ni bibi arusi wa nani?"

"Wa Olais, baba," akajibu Nareyu. "Fungua."

Nawe uliyefika hapa, usiiweke hadithi hii chini ya mto. Mpelekee aliye na mtu wake safarini, na kama jirani yako hajui kusoma, keti naye umsomee, neno kwa neno, na palipo na neno lenye maana mbili msimame hapo kwanza mwulizane.