Mota ya Mama

Soko lilikuwa limefurika siku mshonaji alipompelekea fundi wa redio mashine ya kumnyonya mama yake makohozi. Fundi alikuwa ameyeyusha lehemu kuukuu kwenye bodi ya redio ili atoe kipuri. Akaigonga mezani ili idondoke, tone likaruka, likatoboa gauni la bluu la mshonaji.

“Kaka, nimekuja kutengenezewa, si kuchomwa.”

“Nisamehe, dada. Vyuma vimekuonea wivu.”

“Na wewe?”

“Mimi nimeshaungua.”

Mshonaji akacheka. Lakini mashine, fundi alisema, ndiyo imekufa: mpira wa pampu umepasuka, wa kununua haupo.

“Basi baki nayo. Itakufaa kwa vipuri.”

Haukupita muda mama akafariki, kifua kimejaa, binti kashika kitambaa cha kumfutia makohozi. Fundi alibeba jeneza. Baadaye simu zikawa za kila jioni, mpenzi huku, roho yangu kule, hata posa ikapokelewa.

“Nakutengenezea kitu,” alimwambia kwenye simu. “Sitakuchoma tena.”

Siku ya kwenda kuwaona wakwe, mshonaji alimpitia fundi kibandani, kavaa gauni lile lile, tundu kalidarizi ua. Mlangoni akasimama. Mngurumo ule aliujua. Alilala nao miaka. Mezani palikuwa na bomba la sindano, ncha ya shaba, na mota ya mashine ya mama, ikivuta lehemu ya moto bila tone kuruka.

“Ulisema imekufa.”

“Ilikufa. Nikakata mpira kwenye tyubu ya baiskeli, ikakubali.”

“Lini?”

Angedanganya, angepona.

“Baada ya mazishi, mpenzi.”

“Kwa mama hukujaribu.”

Fundi akaizima. “Nilitafuta wa kununua tu. Wa kukata mwenyewe sikuuwaza. Mungu shahidi.”

Kwa wakwe mshonaji hakwenda. Siku za mtu ni za Mungu, hilo alilijua, akaomba moyo ulikubali. Moyo ukakataa kusikia. Simu ikiita, anaitazama mpaka inyamaze.

Asubuhi moja akipita sokoni alisikia ko, ko, ko: bodi inagongwa mezani. Akasimama nje, akampigia.

“Mashine iko wapi?”

“Nimeirudisha ilivyokuwa. Nimempa mama mmoja anayeuguza mumewe.”

“Inavuta?”

“Inavuta.”

“Na mikono yako?”

“Inaungua.”



“Sijakusamehe.”

“Najua.”

“Nisogezee kiti,” akasema. “Mbali na hiyo meza.” Akakata simu, akaingia.