Mgonjwa wa Kiti cha Nyuma

Jumanne ya kwanza gari lilipolia kudai mkanda, Nyagaka alidhani ni mamake. Aligeuka akamkuta Mama Esnah ameketi nyuma yake, mkanda umemkaa vizuri, mikono imetulia juu ya chupa ya uji. Kiti kilichodai mkanda kilikuwa kile kingine cha nyuma, cha kushoto, nacho hakikuwa na mtu.

"Mama, umeweka kitu hapo?"

"Sijaweka kitu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Funga tu huo mkanda, mwanangu. Hizo kelele zinamchosha mtu."

Nyagaka alidhani mama anajisema mwenyewe. Alisimamisha gari, akazunguka, akafunga mkanda juu ya kiti kitupu. Kelele ikakoma.

Nyagaka alikuwa na duka la dawa za mifugo pale Ndanai, mahali ambapo babake alihamia kutoka Kisii kabla yeye hajazaliwa. Hakuwa mtu wa magari makubwa. Lakini figo za mamake zilikuwa zimechoka, na kila Jumanne na Ijumaa ilibidi awe Kericho saa moja asubuhi kusafishwa damu kwa mashine. Aliyechelewa, mashine yake ilipewa mwingine. Njia ya kutoka kwao mpaka lami ilikuwa ya mashimo na udongo unaoteleza, na kila safari ya gari la kukodi ilimrudisha mama akilia mgongo. Ndipo Nyagaka akauza ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi, akakutana na Obiero, dalali wa Kisumu, aliyekuwa na gari jeusi lililotoka Ulaya, refu kama kabati, viti vya ngozi, gari linaloelea juu ya mashimo kana kwamba halijayaona. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya gari dogo la umri huohuo. Nyagaka hakuuliza sana, na Obiero hakusema sana.

"Hii ni gari ya mkubwa, omera," alimwambia tu, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Mama atalala humo kama yuko kitandani."

Huo haukuwa uongo. Mama alilala humo kama yuko kitandani. Shida ilikuwa gari lenyewe.

Kila asubuhi walilikuta limechuchumaa, upande wa nyuma kushoto umeshuka mpaka tairi limefichika, kama ngamia aliyepiga magoti mtu apande. Nyagaka alilipeleka Bomet kwa Kimeli, fundi aliyeheshimika kwa kutosema uongo kuhusu spea.

"Hizi gari zinasimama kwa hewa, si kwa chuma," Kimeli alimweleza. "Mfuko wa hapa unavuja. Tutaweka mwingine."

Waliuweka. Mfuko huo mmoja ulimeza mauzo ya mwezi mzima ya duka, na asubuhi iliyofuata gari lilikuwa limechuchumaa tena. Wakabadilisha pampu ya hewa. Wakabadilisha nyaya. Kimeli aliinama, akachomeka mashine yake ya kusoma makosa, akasoma, akafuta, akasoma tena.

"Boss, ni kama ng'ombe wa gredi ameletwa kwa watu hawana majani," alisema akijipangusa mafuta mikononi. "Si ng'ombe mbaya. Anakula tu kuliko vile anakamuliwa."

"Lakini mashine inasema nini?"

"Mashine inasema kila kitu iko sawa. Inasema imeshuka kwa sababu kuna mtu mzito amekaa nyuma." Kimeli alianza kucheka, akatupa jicho kwenye kile kiti, na kicheko hakukimaliza. Alikunja nyaya zake polepole. "Wiki ijayo usiniletee hii gari. Sikufukuzi, elewa. Peleka tu Nakuru."

Lakini kuchuchumaa ni jambo ambalo mtu anaweza kulizoea. Lililomtia Nyagaka baridi ni kona.

Ukishapita Litein kuna mahali barabara inapinda kati ya chai na mikaratusi, na ukungu hukaa hapo hata siku ambayo kwingine kote kuna jua. Hapo gari lilizima. Lilizima mara ya kwanza, likazima mara ya pili wiki iliyofuata, mahali palepale, taa zote za dashibodi zikiwaka kwa pamoja. Simu haikuwa na netiwaki. Nyagaka alimwambia mama asubiri, akapanda mlima kwa miguu kutafuta mahali pa kupigia gari la kuvuta, na kila aliporudi, baada ya dakika ishirini hivi, gari lilikubali kuwaka kama halijawahi kuugua.

Ile mara ya pili, aliporudi akihema, alisikia sauti kupitia kioo kabla hajagusa mlango. Mama alikuwa akizungumza taratibu, vile mtu anavyomtuliza mgeni aliyechelewa kupata chakula.

"Atarudi," alikuwa akisema. "Wako sijui. Wangu hurudi."

Alipofungua, harufu ilimpiga usoni: dawa ya kuchua misuli, na koti zito lililonyeshewa likakosa kuanikwa. Mama alikuwa ametazama mbele, mdomo umefungwa. Nyagaka hakumuuliza kitu. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao humfanya mtu aogope majibu kuliko maswali, na saa ilikuwa inakwenda.

Jumanne ya tatu gari lilizima kwenye kona lisiwake kwa saa nzima. Walipofika Kericho mashine ilikuwa imeshapewa mwalimu mmoja wa Fort Ternan, na nafasi nyingine ilikuwa Ijumaa. Walirudi nyumbani. Jumatano miguu ya mama ilivimba, kidole kikizama kama kwenye unga. Alhamisi hakuweza tena kulala chali. Alikaa wima kwenye kochi akivuta pumzi fupifupi, na Nyagaka aliposikia maji yakigugumia kifuani mwake alijua, bila daktari, kwamba akiikosa na Ijumaa hakutakuwa na Jumanne.

Mchana huo alimwita Mongina. Mama Mongina alisali kanisa moja na Esnah tangu ujana wao, na watu walitoka hata Bomet mjini kumtafuta awatolee mapepo. Alifika na Biblia kwenye mfuko wa plastiki, kitambaa kimekazwa kichwani.

"Ni hili?" aliuliza, akilitazama gari lililopiga magoti uani. "Wewe nawe, Nyagaka. Watu wananunua majini ya Mombasa kwa pesa zao wenyewe, halafu wanasumbua wazee na mvua hii."

Akaanza kwa nguvu. Alizunguka gari mara tatu akikemea, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya ghala. Kisha akafungua mlango wa nyuma kushoto na kutia mkono ndani.

Sauti yake ikakatika. Alisimama hivyo, mkono umeingia hadi kiwikoni, mvua ikimdondokea mgongoni, kwa muda mrefu kiasi kwamba Nyagaka alitaka kumvuta. Halafu akautoa mkono taratibu, akafunga mlango kwa upole, kama wa chumba alimolala mtu.

"Nimefukuza majini tangu nikiwa msichana," alinong'ona. "Yanatukana. Yanacheka. Yanadai mbuzi. Huyu amenishika kidole, anatetemeka."

"Ni nani?"

"Sijui. Lakini ni mgonjwa, na mgonjwa hafukuzwi." Alikuwa akipangusa kile kidole kwenye sketi bila kujua. "Muulize aliyekuuzia."

Obiero alipokea simu akiwa mchangamfu, kisha uchangamfu ukaisha. Ndiyo, gari lilikuwa la mzee mmoja wa upande wa Sotik, mfanyabiashara, mjane. Ndiyo, alikuwa amekufa. Alikuwa akipelekwa Kericho kutibiwa moyo, na gari likazima njiani kwenye ukungu. Dereva akatoka kutafuta netiwaki, na aliporudi mzee alikuwa ameshakata roho pale nyuma, peke yake, mkono kwenye kioo. Watoto wake hawakutaka kuliona gari tena.

"Dereva alikuwa nani?" Nyagaka aliuliza.

Mahali fulani nyuma ya Obiero redio ilikuwa inatangaza bei ya samaki.

"Ni mimi, omera. Aliniambia nisitoke. Alisema, Obiero, usiniache, kaa tu tungoje. Mimi nikaona kungoja ni ujinga. Ungefanya nini wewe?"

Nyagaka alitafuta hasira akaikosa. Yeye mwenyewe alikuwa amefungua mlango wa dereva mara tatu, kwenye kona ileile, akamwacha mama na kupanda mlima.

Ijumaa mvua ilikuwa imeiharibu njia, na kila mwenye gari la kukodi aliyempigia alisema hateremki huko. Hakukuwa na gari jingine la kuupanda ule udongo ila lile jeusi. Walimbeba mama, yeye na mkewe Phelis, wakamkalisha nyuma, na Nyagaka akafunga mikanda miwili. Phelis aliona. Akafunga mlango.

Kulikuwa kumepambazuka walipofika kwenye kona, mwanga wa kijivu, chai imemezwa na ukungu mpaka ukingoni mwa lami. Injini ikazima. Taa zote zikawaka. Mkono wa Nyagaka ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Nyuma yake pumzi ya mama iligugumia, fupi, fupi, na akili yake yote ikamwambia atoke akimbie, apande mlima, apige simu, asimamishe lori lolote la majani ya chai, kwa sababu mtoto anayekaa tu huku mamake akizama katika maji ya mwili wake mwenyewe ni mtoto wa aina gani. Lakini chini ya pumzi hiyo aliisikia nyingine, nzito, ya mwanamume, ikikwama na kuanza upya, na ile harufu ya koti lililonyeshewa ikapanda polepole ikajaza gari, na kiti cha kushoto kikalia kwa ngozi kujikunja, kama mtu amejiinua kidogo aone kama dereva anatoka.

Nyagaka aliuachia mlango. Alipenya katikati ya viti vya mbele, akajikunja akakaa nyuma, kati ya mamake na ile nafasi tupu. Akaushika mkono wa mama kwa mkono wa kulia. Wa kushoto akaulaza wazi juu ya ngozi.

"Mzee," alisema, na sauti yake ikatoka ya kitoto. "Niko hapa. Sitoki."

Vidole vilivyokuja kiganjani mwake vilikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri, vikubwa, na vilishika kwa nguvu zote za mtu aliyengoja muda mrefu, naye akavishika pia, akafumba macho, akahesabu pumzi za pande mbili mpaka hakuweza tena kuzitenganisha, ikaja moja, ikaja nyingine, ikaja moja, na mkono wa mama nao ulikuwa umepoa, mikono yote miwili ilikuwa baridi sawa, na ukungu ulikuwa umeziba vioo vyote, na ndipo moja ya zile pumzi ilipokoma.

Hakuthubutu kufumbua macho. Hakujua ni ipi.

Halafu ukucha ukamkwaruza kiganjani, mkono wa kulia.

"Amelala," Mama Esnah alisema kwa shida. "Endesha."

Gari lilijiinua nyuma, polepole, likasimama sawa. Nyagaka akarudi kwenye usukani, nalo likawaka kwa mzunguko mmoja wa ufunguo.

Walifika mashine ikiwa bado haijagawiwa. Muuguzi alimkemea Nyagaka kwa miguu ile iliyovimba, na kukemewa hakujawahi kumpendeza hivyo. Alipoona damu ya mama inaanza kuzunguka kwenye mirija, akatoka akaketi kwenye benchi la korido. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Obiero.

"Nyagaka." Alikuwa akinong'ona. Mvua ilikuwa ikipiga bati la gari. "Umemshusha wapi?"

"Nani?"

"Niko barabarani hapa, karibu na Ahero. Gari imezima yenyewe. Kuna mtu nyuma, omera. Siangalii kioo. Ananiuliza... ananiuliza kama niliipata ile netiwaki."

Nyagaka alisimama. Mbele yake mtu alikuwa akipiga deki korido, na maji ya sabuni yalikuwa yakija taratibu kuelekea viatu vyake.

"Obiero, nisikilize. Usitoke."

"Natoka. Natoka nikimbie."

"Usitoke, ndugu yangu. Nenda nyuma ukae naye. Haitachukua muda. Kaa naye tu."

Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sauti ya mvua ikaingia yote kwenye simu. Alingoja. Baada ya muda mrefu mlango ukafungwa, mvua ikawa mbali tena, na Nyagaka akaishikilia simu sikioni kwa mikono miwili, akiita jina, bila kujua kama Obiero alikuwa amebaki ndani au nje.